Siku tuliyojenga ukuta kwenye mtandao wa Posta

Mwaka 2013 nilikuwa nafanya kazi chini ya fundi wa mitandao ambaye vijana wote tulimwita Kaka Mkubwa. Siku moja tuliitwa kwenye ofisi maeneo ya Posta, Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, kwa malalamiko ya ajabu: kila asubuhi kompyuta moja au mbili za uhasibu zinagoma kuchapisha. Kesho yake hizo zinapona zenyewe, zinagoma nyingine.

"Shikamoo mama," tulimsalimia mhasibu.

"Marahaba wanangu. Mishahara inatakiwa Ijumaa, na printa iko hapo inanitazama tu."

Seva yao ilikuwa Debian, aina ya Linux, yenye kadi moja ya mtandao. Aliyetutangulia aliipa kadi hiyo, iitwayo eth0, anwani mbili za IP, 192.168.10.1 ya uhasibu na 192.168.20.1 ya wageni wa waifai, akaondoka akiamini ametenganisha mitandao miwili. Ukiangalia namba tu, kweli unaona mitandao miwili. Kaka Mkubwa hakubishana na mtu. Alifungua tcpdump, programu ya kutazama data inayopita kwenye mtandao, akaongeza -e ili anwani za MAC, yaani za kadi zenyewe, zionekane, akanisogezea kiti.

Maombi ya ARP, yaani ya kuuliza kadi ipi ina anwani fulani ya IP, yalikuwa yanamiminika. Nani ana 192.168.10.30? Nani ana 192.168.20.114? Yote yanakwenda ff:ff:ff:ff:ff:ff, yaani kwa kila aliyechomeka waya. Wahasibu na wageni walikuwa wanasikia kelele zilezile. Na ugonjwa wa asubuhi ukajieleza hapohapo: kompyuta ikiwashwa haina anwani bado, inaomba kwa kupaza sauti kwa wote. Seva inasikia ombi kwenye waya mmoja wenye mafungu mawili ya anwani, haina namna ya kujua hii ni ya mama mhasibu au simu ya mgeni, inatoa kutoka fungu lolote. Iliyopata anwani ya wageni ndiyo iliyogoma, maana printa ilikubali kazi za anwani za uhasibu tu.

"Umeona?" Kaka Mkubwa akasema. "IP iko tabaka la tatu. Huyu bwana ametundika pazia. Ukuta unajengwa tabaka la pili, kwenye waya na anwani za MAC."

Tukashuka Kariakoo, tukarudi na swichi inayokubali VLAN, yaani kugawa waya mmoja kuwa mitandao iliyotengana. Poti za uhasibu tukazipa namba 10, poti ya waifai namba 20, na poti inayokwenda kwenye seva tukairuhusu kubeba zote mbili, kila fremu, yaani kifurushi cha data cha tabaka la pili, ikiwa na lebo yake. Kwenye seva tukaziondoa zile anwani kwenye eth0, tukaunda violesura viwili, yaani kadi mbili za kufikirika, juu yake:

ip link add link eth0 name eth0.10 type vlan id 10

na cha 20 vivyo hivyo. Kila kimoja kikapewa anwani yake na fungu lake la DHCP, huduma inayogawa anwani.

Halafu akanionyesha kitu ambacho bado nakipenda kuliko vyote katika kazi hii. Ukisikiliza kwenye eth0, fremu inapita na lebo yake: 0x8100, vlan 10, halafu ARP. Ukisikiliza kwenye eth0.10, fremu ileile inafika safi, haina lebo. Lebo hiyo ni baiti 4 tu, zinachomekwa baada ya anwani ya MAC ya mtumaji, kabla IP haijaguswa. Namba ya VLAN ndani yake ina biti 12, ndiyo maana namba zinazotumika zinaishia 4094. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inasoma lebo, inaivua, inakabidhi fremu kwa kiolesura husika. IP iliyo juu haijui kama kulikuwa na lebo, kwake eth0.10 ni kadi kama kadi nyingine.

Nilidhani tumemaliza. Kaka Mkubwa akachukua kompyuta yake, akaingia waifai ya wageni, akapiga ping, yaani kuuliza "upo?", kwenye 192.168.10.1, anwani ya seva upande wa uhasibu. Ikajibu. Akapiga kwenye printa ya uhasibu. Nayo ikajibu.

VLAN zilikuwa sawa kabisa. Lakini seva ilikuwa na mguu pande zote mbili, na ip_forward, ruhusa ya kuvusha pakiti, ilikuwa 1 kwa sababu ndiyo iliyowapa watu intaneti, kwa hiyo ilivusha pakiti za wageni hadi uhasibu kwa utiifu mkubwa. Na hata ungeiweka 0, ile 192.168.10.1 ingeendelea kujibu, maana kwenye Linux anwani ni ya mashine nzima, si ya kiolesura kilichoibeba. Watu wengi wanaishia kwenye VLAN na kulala usingizi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Tukaandika sheria za iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, FORWARD (zinazovuka) na INPUT (zinazoishia kwenye seva) zote mbili: kinachoingia kwa eth0.20 kikielekea 192.168.10.0/24, kitupwe. Ping ikanyamaza. Kisha akajipa kwa mkono anwani ya 192.168.10.50 akiwa bado waifai, akaitafuta printa. Mara hii hata ARP haikupata wa kuijibu.

Mwisho tukaandika kila kitu kwenye /etc/network/interfaces, maana amri za ip hupotea mashine ikizimika, na umeme wa mjini tunaujua. Tukaizima seva makusudi, tukaiwasha. Violesura vyote viwili vikarudi, sheria zikarudi, na mama mhasibu akaanza kuchapisha orodha ya mishahara.