Bandeji za Leso

Mimi ni fundi cherehani. Nilipomwambia mteja mmoja kwamba jioni huwa napiga ngumi, aliliangalia gauni lake kwanza kabla ya kuniangalia mimi.

Nilianza Januari kwa sababu ya mgongo. Kuinamia mashine kutwa kulikuwa kumeukakamaza, na jirani akanipeleka kwenye ukumbi anakofanyia mazoezi hapa Nakuru. Nilitarajia glavu, kocha akanipa bandeji. Kitanzi kwenye gumba, mizunguko 3 kwenye kifundo cha mkono, 3 juu ya vifundo vya vidole, kisha inapita kati ya kidole na kidole na kurudi ilikotoka. Ukikaza mno, vidole vinakufa ganzi. Ukilegeza, mkono unateguka siku utakayolipiga begi vibaya. Nikaona, kumbe hii ni kazi yangu kabisa! Nikachana leso kuukuu, nikapinda kingo, nikashonea velkro mwishoni. Sasa nawauzia wenzangu, shilingi 150 jozi.

Siku ya kwanza kwenye begi nilikunja gumba ndani ya ngumi kama mtoto anayeficha peremende. Kocha akasimamisha ukumbi mzima. "Mama, ukipiga hivyo kesho hushiki sindano." Gumba hukaa nje. Na nguvu haitoki begani nilivyodhani: inaanzia kwenye wayo wa nyuma, inapanda kiunoni. Mkono ni tarishi tu.

Watu huniuliza nataka kumpiga nani. (Mume wangu hucheka swali hilo kwa sauti kubwa kidogo kuliko inavyohitajika.) Wazee wa mji huu wanaijua ndondi; watakusimulia Philip Waruinge wetu, shaba ya Olimpiki Mexico 1968, fedha Munich 1972. Mtaje Christine Ongare, aliyerudi na shaba ya Jumuiya ya Madola kutoka Gold Coast mwaka 2018, wananyamaza. Bondia mwenzake Conjestina Achieng wanamkumbuka, ila huanzia kwenye ugonjwa wake wa akili, si kwenye ngumi zake. Hilo huniudhi sana.

Ulingoni sitapanda, umri umenitupa. Lakini raundi 3 za begi namaliza, na usiku nalala chali bila kuugulia.

Mteja wa gauni alirudi Jumamosi. Lilimkaa vizuri, akalipa, kisha akasitasita mlangoni. Huwa mnaanza saa ngapi?

Saa kumi na mbili jioni, nikamjibu, na hizo kucha uzikate.