Sekunde sita za mikono ya bibi

Jana usiku nimemaliza sekunde sita za filamu yangu ya katuni. Bibi anasuka ukili, basi: chane inapita juu, inapita chini, kidole gumba kinakandamiza. Sinema huenda picha 24 kwa sekunde. Mimi huchora 12, kila mchoro nauonesha mara mbili. Kwa hiyo ile mikono peke yake ni michoro 72. Filamu nzima ni dakika nne, yaani 2,880. Huu ni mwaka wa pili.

Kidole gumba kilinitesa. Kilikuwa kinateleza tu, hakina uzito. Nikaenda Mkuranga, nikakaa na bibi jamvini alasiri nzima, ndipo nikaona: kabla ya kukaza chane anavuta pumzi, bega linapanda kidogo. Nikachora bega. Kidole kikatulia chenyewe.

Kodi ya nyumba inatoka kwenye matangazo. Mteja mmoja alichukua kazi ya wiki tatu akazima simu; iliniuma sana, na tangu hapo sianzi bila nusu ya malipo. Nashukuru Blender, programu ninayochorea, ni ya bure.

Filamu ikiisha naipeleka ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar. Nataka bibi akae Ngome Kongwe aione mikono yake kwenye kile kitambaa kikubwa.