Siku nzima kwenye baiskeli juu ya reli ya zamani, Sanremo

Mdogo wangu alikuja kunitembelea Milano mwezi wa tano akitokea Tanga, na siku ya pili tu akaniambia kaka mi maduka sitaki, nataka bahari. Basi tukapanda treni mpaka Liguria, ule mwambao wa Italia unaoelekea Ufaransa, nikalipia safari ya baiskeli ya siku moja yenye mtembezaji. Watu huwa wananiuliza ya nini umlipe mtu akuongoze wakati njia yenyewe inafuata bahari tu. Kweli hupotei, ila vitu unavipita bila kuvijua, na mi nasema kwa sababu yalinikuta.

Njia tuliyopita inatoka San Lorenzo al Mare mpaka Ospedaletti, kama kilomita 24, magari hayaruhusiwi. Mwaka juzi niliipita peke yangu na sikujua kabisa kwamba naendesha palipokuwa na reli! Treni ilipita hapo ufukweni kuanzia 1872 hadi 2001, ndo wakaihamishia ndani ya milima, hata stesheni ya mji wa Sanremo, ulio katikati ya njia hiyo, siku hizi iko chini ya mlima. Pale palipobaki wakapageuza njia ya baiskeli, na ndo maana hakuna pa kupanda, treni huwa haipandi mlima mkali, kwa hiyo mdogo wangu ambaye mara ya mwisho alipanda Phoenix ya babu alienda mwanzo mwisho bila kushuka kukokota.

Kwenye mji mdogo wa Santo Stefano tulisimama kwenye mnara wa karne ya 16, uliojengwa kwa kuwaogopa maharamia waliokuwa wanakuja kutoka Afrika Kaskazini. Halafu chakula, sardenaira, mkate mnene laini wenye nyanya, zeituni ndogo za huko huko Taggia na visamaki vya chumvi juu, unaliwa kwa mkono umekaa ukutani bahari iko chini ya miguu. Mzuri sana jamani.

Mtembezaji wetu, mama wa makamo mwenyeji wa pale, akatuonyesha kwa kidole kijiji cha Bussana Vecchia kule juu mlimani. Tarehe 23 Februari 1887 asubuhi tetemeko lilikuta watu wako kanisani, Jumatano ya Majivu, paa likawaangukia. Waliobaki wakahamia chini karibu na bahari, kijiji kikakaa magofu miaka na miaka mpaka wasanii walipokuja kuishi humo. Mnara wa kengele bado umesimama. Wakati namtafsiria mdogo wangu alinyamaza kimya, hakuuliza kitu mpaka tukaondoka.

Ila nilichokipenda kuliko vyote ni lile handaki la Capo Nero, baada ya Sanremo, kama kilomita moja na robo tatu. Nje jua linachoma, ukiingia ubaridi unakupiga usoni ghafla na unaanza kusikia mnyororo wako mwenyewe tik tik tik. Ukutani wameandika historia ya mbio za baiskeli za Milano-Sanremo mwaka kwa mwaka kuanzia 1907. Mara ya kwanza nilipita humo mbio mbio nikidhani ni mapambo! Safari hii mama alitusimamisha 1910, mwaka wa theluji, Eugène Christophe alishinda na waliohesabiwa kumaliza walikuwa wanne tu. Mbele kidogo mshindi ni Eddy Merckx, halafu Merckx tena, na tena, mara saba jumla, mdogo wangu akawa anahesabu kwa sauti na sauti inarudi.

Akatafuta mwaka aliozaliwa, 1998, Erik Zabel, Mjerumani. Akaweka kiganja ukutani chini ya jina akaniambia nipige picha. Tulipotokea upande wa Ospedaletti, bahari imefunguka mbele yetu yote, wenzetu wanaweka baiskeli chini, yeye akageuza yake akasema kaka twende tena, bado hatujauona wa kwako.