Maji Yaliyotutia Meno Rangi

Nilizaliwa kwenye miteremko ya Mlima Meru, na kama watoto wengi wa huko nilikua na meno ya kahawia, nikajizoesha kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja. Wageni walidhani hatupigi mswaki, ilhali chanzo kilikuwa maji ya kisima chetu, maangavu na yasiyo na harufu yoyote. Nilipokuja kufundisha kemia ndipo nilipoelewa kwamba sifa ya maji iliyotuharibia meno, yaani uwezo wake wa kuyeyusha vitu, ndiyo hiyo hiyo inayotuweka hai.

Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, nazo hazikupangika katika mstari mnyoofu bali zimepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi. Kwa kuwa oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi, upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Chumvi inapotiwa majini, molekuli hizo huizingira, zikaelekeza oksijeni kwenye ioni (yaani atomu zenye chaji) za sodiamu, ambazo ni chanya, na haidrojeni kwenye ioni za kloridi, ambazo ni hasi, mpaka ioni zote zikatawanyika. Ndivyo damu inavyobeba chumvi na sukari, na ndivyo mizizi inavyopata naitreti na potasiamu, kwani mmea hauwezi kufyonza mbolea kavu.

Lakini maji hayajui lipi litatufaa na lipi litatudhuru. Yanapopenya miamba ya volkano ya Meru huyeyusha pia floraidi, madini yaliyomo katika miamba hiyo, nayo ndiyo iliyotutia meno rangi. Kama yangekuwa na kalsiamu ya kutosha, sehemu kubwa ya floraidi ingeungana nayo na kuwa chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, ikabaki ardhini. Maji yetu, hata hivyo, yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kwetu huvuka kiwango hicho.

Mama yangu alichemsha maji yetu ya kunywa kila jioni bila kukosa, na hadi leo huniuma kukumbuka kuni alizozibeba. Kuchemsha huua vijidudu, jambo kubwa sana, lakini floraidi haiondoki na mvuke: maji hupungua, floraidi hubaki, na kila lita inayosalia huwa nayo zaidi kidogo. Magadi tuliyotia kwenye maharage nayo yaliongeza kiasi cha floraidi.

Ugumu wa jino hutokana na madini ya kalsiamu na fosfeti ambayo hunasa floraidi kwa urahisi, na ikizidi wakati meno ya mtoto yangali yanajengeka, tabaka la nje huota na dosari isiyofutika. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimeigeuza tabia hiyo kuwa tiba ya maji. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali, husagwa, kisha maji hupitishwa humo, na kwa kuwa madini ya mfupa ni ya jamii moja na ya jino, floraidi hunaswa kabla haijamfikia mtoto. Mkaa huo wa mifupa hushiba baada ya muda, hivyo ni lazima ubadilishwe.

Nyumbani kwetu sasa ipo ndoo moja ya maji yaliyochujwa hivyo, kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa watoto. Ya kuogea na kufulia bado tunachota kisimani.