Nilivyoirudisha ukutani siku ya kwanza ya BBC2

Kwa muda mrefu niliambiwa kwamba kuonyesha siku nzima ya televisheni ya zamani ni kazi ya mchana mmoja: chukua ratiba iliyochapishwa, nakili, bandika, umemaliza. Ushauri huu unaniudhi hadi leo, maana waliokuwa wakinipa ni watu wa fani. Ratiba ni ahadi ya kituo kwa watazamaji wake. Kilichoruka hewani ni habari nyingine kabisa, na sijaona ushahidi mzuri wa jambo hili kuliko usiku ambao BBC2, stesheni ya pili ya televisheni ya BBC ya Uingereza, ilitakiwa kuzaliwa.

Nafundisha utangazaji hapa Dar es Salaam. Wanafunzi wangu wamezaliwa stesheni zikikesha, kwa hiyo nilitaka waione siku ya chombo cha umma kilichoishi kwa ada ya leseni, zama ambazo serikali ya Uingereza ilikipangia hadi saa za kutangaza. Nikachagua Jumatatu, 20 Aprili 1964, pamoja na Jumanne iliyofuata. Walipong'amua kwamba hilo ni juma lilelile ambalo Mwalimu Nyerere na Mzee Karume walitia saini Hati za Muungano, tarehe 22, darasa zima likakaa sawa. Huku Bara wakati huo tulikuwa na redio tu. Televisheni ilitukuta miaka ya 1990.

Ratiba haisumbui. BBC imeweka mtandaoni orodha za vipindi kutoka gazeti lake la Radio Times, unaandika tarehe unaisoma.

Mwenzangu mmoja akasema karatasi hazina maana, tafuta video uwaonyeshe siku nzima kama ilivyokuwa. Nikajaribu, tena kwa moyo wote. Bando likaisha, nikaongeza, likaisha tena. Siku nzima ya mwaka 1964 haipo mahali popote pa kuipakua. Vipindi vingi vilikwenda moja kwa moja na havikurekodiwa. Vilivyorekodiwa viliwekwa kwenye mikanda mipana ya inchi mbili, ghali mno kwa wakati ule, na BBC ilikuwa ikiifuta na kuitumia upya. Hata picha za usiku huo wa ufunguzi zilidhaniwa hazipo, mpaka mkanda ulipojitokeza mwaka 2003. Kwa hiyo anayekwambia "tafuta video" hajawahi kuzitafuta.

Hapo ndipo nilipopata njia yangu, na ninajivunia. Kiwanda kimoja cha uchapaji kilinipa mabaki ya roli za karatasi ya magazeti, nikalipa nauli ya bajaji na elfu chache za kalamu za wino mnene. Tukakata ukanda mmoja mrefu kwa Jumatatu na mwingine kwa Jumanne, tukagawa saa kwa rula, kila dakika ikapata nafasi yake ileile. Kisha kila kipindi kikakatiwa kadi yenye urefu unaolingana na muda wake. Kadi hazikugundishwa. Zilibanwa kwa vibanio vya nguo ili ziweze kusogezwa. Hili la kutogundisha ndilo kiini cha kazi nzima, nalirudia kwa yeyote anayetaka kuiga.

Kwanza tukapanga Jumatatu kama Radio Times ilivyoahidi. Kituo kinafunguliwa saa 1:20 usiku kwa kipindi cha Line-Up, kinafuata kichekesho cha kundi la The Alberts, halafu mchezo wa muziki wa Kiss Me, Kate akiwemo Howard Keel, kuna mchekeshaji wa Kisovieti Arkady Raikin, na fataki kutoka gatini Southend. Ukanda ukapendeza. Wanafunzi wakapiga picha kwa simu zao.

Nikawaacha wafurahi, kisha nikawaambia wazitoe kadi zote.

Maana mnamo saa 12:45 jioni, zaidi ya nusu saa kabla ya kufungua, umeme ulikatika sehemu kubwa ya magharibi mwa London. Hitilafu ya kebo kubwa na moto kwenye kituo cha kufua umeme cha Battersea viliiacha Television Centre, jengo kuu la BBC pale Wood Lane, gizani. Studio zipo, wasanii wamevaa, kamera haziwaki. Upande wa kaskazini, Alexandra Palace, ambako chumba cha habari kilikuwa bado kipo, umeme ulikuwepo. Kwa hiyo uso wa BBC2 usiku wa kwanza ukawa wa Gerald Priestland akisoma habari na kueleza masaibu yenyewe, na hata yeye alianza akionekana bila kusikika. Usiku ukasonga, umeme haukurudi kwa wakati, ufunguzi ukaahirishwa.

Kwenye ukanda wetu Jumatatu ikabaki na kadi ndogo ya habari na karatasi tupu inayotembea hadi pembeni mwa ukuta. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa zile kadi tulizotoa tunazitupa?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo tangu asubuhi. Nikamwambia azibebe zote akazibane juu ya Jumanne.

Wenyewe wakaanza kuona. Gazeti la juma zima lilikuwa limeshachapwa, kuanzia Jumamosi tarehe 18 hadi Ijumaa tarehe 24. Burudani ya Jumatatu ilipohamia Jumanne usiku ikakalia vipindi ambavyo tayari vilikuwa na nafasi yao. Na mkuu wa kituo, Michael Peacock, alikuwa ameipa kila siku ya juma sura yake. Jumanne ilikuwa ya elimu. Kwa hiyo aliyenakili ratiba amekosea Jumatatu, na amekosea Jumanne pia. Zile kadi zinazosogea ziliwafundisha jambo hilo haraka kuliko maneno yangu yote.

Sehemu ya pili niliyoipigania ni mapengo. Jumanne saa 5 asubuhi ndipo kituo kilipoanza rasmi, kwa kipindi cha watoto cha Play School, watangazaji wakiwa Virginia Stride na Gordon Rollings. Baada yake, wanafunzi walitaka kuruka moja kwa moja hadi jioni ili kubana ukanda. Nilikataa. Mchana wa televisheni ya zama zile ulikuwa na saa nyingi za picha ya majaribio iliyotulia, ikisindikizwa na muziki, na ilikuwa na wateja wake: wauza seti na mafundi. BBC2 ilirushwa kwa picha ya mistari 625 kwenye masafa ya juu ya UHF, wakati stesheni zilizotangulia, BBC1 na ITV ya kibiashara, zilitumia mistari 405, hivyo aliyeitaka alihitaji seti mpya na antena mpya, na fundi hawezi kurekebisha seti bila picha ya kulinganishia. Mchana huo kituo kilikuwa kinajitafutia watazamaji, nyumba moja baada ya nyingine, tena kwanza London na maeneo ya jirani tu. Ukifuta pengo umefuta kazi hiyo yote.

Kuna kisa cha kangaruu aliyeletwa kwa ajili ya matangazo ya uzinduzi akakwama kwenye lifti umeme ulipokatika. Kinasimuliwa sana, na wanafunzi walikitaka. Nilikiweka pembeni mwa ukanda, nje ya saa.

Anayetaka kufanya kazi hii kwa uzito zaidi ajue kwamba hifadhi ya maandishi ya BBC ipo Caversham, Reading, na huko kuna karatasi za vipindi kama vilivyotangazwa, si kama vilivyopangwa. Na achague siku iliyoharibika. Ukuta wetu unaofuata ni Jumamosi 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Kennedy kuuawa, na siku ambayo tamthilia ya BBC ya Doctor Who ilianza. Juma lililofuata sehemu ile ya kwanza ilirudiwa. Karatasi ya roli ipo ya kutosha, vibanio vimepungua.