Leso ya kisutu

Bibi wa Kibokoni, mgonjwa niliyekuwa nikikaa naye, ametutoka. Ijumaa, kabla ya adhana ya alfajiri. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza habari zake tangu nilipoandika kuhusu dirisha lake, Mungu amrehemu. Amezikwa siku ile ile, hitima imesomwa, na katikati ya hayo yote sisi tumehama nyumba. Lakini mimi bado niko Jumanne, baada ya alasiri.

Nilikuwa nalowesha pamba nimpanguse midomo. Akaniambia, "Mwanangu, ile leso yangu ya kisutu, mpeni yule..." Nikamkata kauli. "Aa, bibi! Utajifunga mwenyewe arusini, inshallah." Akanitazama. Akasema, "Haya, mwanangu." Akafumba macho.

Haya. Nalala nalo neno hilo, naamka nalo.

Na kazi hii nimeisomea! Mnajua nilivyohangaika usiku, watoto wamelala, na mafunzo ya udula, yaani kazi ya kukaa na mtu anayekaribia kufa. Yule mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa New York aliyeanza kuwafunza watu mwaka 2003 aliwatazama madula wa uzazi, wale wanaokaa na mama anayejifungua, akaona anayekufa naye ahitaji mtu wa kuwa naye. Dawa si juu yetu; mofini ya maji, kila baada ya saa nne, ni shughuli ya muuguzi na wenyewe nyumbani. Letu ni kukaa na kusikiliza. Huku kwetu kazi yenyewe haina hata jina, unaambiwa tu, "Njoo ukae na mgonjwa." Nilikaa. Sikusikiliza.

Leo nikamweleza binti yake. Hakunilaumu. Alifungua kasha, akaitoa ile leso, imekunjwa na asumini zilizokauka, bado zanukia kidogo. "Yule nani?" akaniuliza. Sijui. Tukaanza kuwataja: wajukuu, majirani, msichana aliyekuwa akimletea mkate wa mofa. Kila jina likaja na kisa chake, mpaka tukawa twacheka na machozi yanatutoka. Magharibi ikatukuta pale pale, leso mapajani mwake.

Nikamsimulia pia Alhamisi usiku: nilimnong'oneza mama yake shahada mara moja tu, taratibu, na kidole chake kikainuka. Binti alitaka nilirudie jambo hilo. Nikalirudia.

Na huku nyumbani, mwanangu jino jipya limechomoza nyuma ya la zamani, na la zamani halitikisiki hata kidogo. Sijui nimpeleke kwa daktari wa meno kesho au ningoje.