A1c peke yake haitoshi, docta

Mimi ni wa labo, hapa Bukavu. Juzi nilimtoa damu mama mmoja wa Kadutu, muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), tyubu ya kifuniko cha zambarau, na A1c yake, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi iliyopita, ikatoka 5.9%. Ukiangalia karatasi tu, hana kisukari. Lakini asubuhi ileile, kabla hajatia kitu mdomoni, sukari yake ilikuwa 148 mg/dL, kiwango cha kisukari.

Kipimo cha A1c husoma sukari iliyonata kwenye hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, ndiyo maana tunapata picha ya miezi miwili mitatu. Sasa chembe zikifa mapema, kwa malaria au kwa selimundu, sukari haipati muda wa kunata, na namba inashuka. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, unaweza kuipandisha. WHO ilipokubali A1c ya 6.5% kuwa mpaka wa kutambua kisukari mwaka 2011 ilitaja tahadhari hiyohiyo, ila kwenye fomu zetu hakuna nafasi ya kuiandika.

Nilimfuata daktari wa wodi: "Docta, naomba turudie sukari ya asubuhi, na tumpime wingi wa damu." Alikubali mara moja. Hemoglobini ilikuwa 8.7 g/dL, yaani damu yake ni pungufu, na sukari ikatoka tena juu.

Wanafunzi wanaokuja kwetu kukusanya data za tasnifu zao, nawasihi: kando ya kila A1c andikeni hemoglobini, na kama mgonjwa ameongezewa damu karibuni. Ni safu mbili tu kwenye daftari.